Muulizeni Mgonjwa Habari za Mbuzi Wake

Daktari wa mifugo hana bahati ya daktari wa watu, maana mgonjwa wake hasemi. Ukifika bomani ukamkuta ng'ombe amelala, huwezi kumuuliza inauma wapi, kwa hiyo unamuuliza mwenye ng'ombe mengine yote: jana alilishwa wapi, alikunywa maji ya wapi, jirani amepoteza wangapi wiki hii, na yule aliyekufa juzi ngozi yake iko wapi. Nimeifanya kazi hiyo wilayani Karatu mpaka nikastaafu, miaka mingi nikiwa machinjioni na muhuri wa wino wa zambarau mkononi. Ninachodai leo ni kidogo: maswali hayo yahamie kwenye zahanati na vituo vya afya vya binadamu. Binadamu anasema, lakini anajibu alichoulizwa. Huku kwetu anaulizwa homa imeanza lini, anatobolewa kidole, anapewa dawa mseto ya malaria, anarudi kwa mbuzi wake.

Na yanayopitwa hivyo si magonjwa madogo. Marekani wana orodha ya vimelea wanavyovihofia kuliko vyote, vile ambavyo adui anaweza kuvigeuza silaha. Kundi la kwanza lina kimeta, tauni, ndui, homa za kutoka damu za jamii ya Ebola na Marburg, na mengine mawili ambayo sijawahi kukutana nayo. Kundi la pili lina brusela na homa ya Q. Ndui ilishatokomezwa duniani. Ukiondoa hiyo na mengine machache, orodha hii ya kutisha ni kama daftari la taarifa za mwezi la ofisi ya mifugo ya Karatu. Kimeta tunacho. Brusela tunayo, tena kwa wingi. Tauni ilizuka Mbulu mwaka 2007, na Karatu yenyewe ilikuwa sehemu ya Mbulu hadi tulipopewa wilaya yetu mwaka 1995. Panya hawakusoma tangazo la mgawanyo.

Sidharau hofu ya wenzetu. Wanavijua vimelea hivi kwa sababu walivishika kwa mikono yao. Mwaka 1942 Waingereza walilipua mabomu ya kimeta karibu na kondoo waliofungwa kwenye kisiwa cha Gruinard, Scotland. Kondoo walikufa, na kisiwa kikafungwa. Mwaka 1986 kilimwagiwa tani 280 za dawa ya fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari, na ilipofika 1990 ndipo serikali ikatangaza kwamba watu wanaweza kukanyaga. Miaka 48 kwa kisiwa kimoja kidogo! Wamarekani katika miaka ya 1950 walijaza brusela kwenye mabomu kabla Rais Nixon hajaufuta mpango huo mwaka 1969. Warusi waliachia kimeta kwa bahati mbaya kutoka kiwanda cha jeshi mjini Sverdlovsk mwaka 1979, na watu wasiopungua 66 wakafa. Mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi uliwekwa wazi kutiwa saini mwaka 1972, Tanzania ikasaini, na tukauridhia mwaka 2019. Tulichukua muda, ndiyo.

Lakini Gruinard yetu haina uzio. Udongo wa volkano wa Ngorongoro na mabonde yanayoizunguka unaitunza mbegu ya kimeta, ile inayoitwa spora, kwa makumi ya miaka, na juu yake wanalisha nyumbu, nyati, pundamilia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, pamoja na watoto wanaowachunga. Katika miaka ya 1980 kimeta kiliwafyeka swala pala wa Hifadhi ya Ziwa Manyara, ambayo ukisimama kwenye kingo za bonde juu ya Mto wa Mbu unaiona yote chini yako. Desemba 2016 kikaibuka Selela, wilayani Monduli: nyumbu wakafa, mifugo ikafa, watu wakaugua. Hakuna adui aliyetuma kitu. Ni ukame, majani mafupi, mnyama anang'oa nyasi na mizizi na udongo wake, basi.

Nieleze kinavyoonekana, maana wengi wamekisikia kwa jina tu. Ng'ombe jioni alikuwa mzima, asubuhi amekufa. Tumbo limejaa upesi, mwili haukakamai inavyotakiwa, na damu nyeusi inatoka puani au sehemu ya haja, haigandi. Sisi tumefundishwa kwamba hapo kisu kinarudi alani. Mzoga ukiuacha bila kuupasua, vimelea vingi vilivyo ndani vinaoza navyo na kufa. Ukiupasua, vinakutana na hewa, vinajifungia katika spora, na eneo hilo umelipanda. Siku zile tulichukua tone la damu kwenye mshipa wa sikio, tukapaka kwenye kioo, tukakitia rangi na kukiweka chini ya hadubini, na vijiti vya kimeta vikajitokeza vimejipanga mistari. Niliyowahi kumwona akipasua kabla ya kuuliza alikuta bandama limevimba mara kadhaa, jeusi tii, likimwagika kisu kilipoligusa. Alitupa kisu. Kwa bahati hakuwa na mchubuko mikononi.

Binadamu wengi hukipata kwa ngozi. Mtu anachuna, ana mkwaruzo kwenye kidole au mkono. Baada ya siku chache, mara nyingi ndani ya wiki moja, panaota kipele kinachowasha kama aliyeumwa na mdudu. Kipele kinakuwa lengelenge, lengelenge linapasuka, katikati panakuwa kigaga cheusi, na pembeni mwili unavimba kupita kiasi, kikiwa usoni hata jicho linafunga. Dalili ambayo ningeomba kila mhudumu aiweke akilini ni kwamba kidonda hicho hakiumi. Jipu linauma mtu asilale. Hiki kinatisha kwa macho, mwenyewe anakwambia kinawasha tu.

Kijana mmoja nilikutana naye mnadani Karatu, ameleta beberu, shuka amelitupia begani kuficha mkono. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Nikamsalimia, nikamwomba anionyeshe. Alikuwa ameshapita zahanati moja mara mbili. Mara ya kwanza alipewa dawa mseto, ya pili wakataka kulitumbua kama jipu, akakimbia.

"Inauma?"

"Hapana, daktari. Inawasha tu."

"Mlichuna nini?"

Akanitazama kama niliyekuwapo. "Ndama wa mzee. Alikufa usiku, tukamwahi asubuhi."

Sikufanya uganga wowote. Nilimwandikia mhudumu wa hospitali karatasi yenye neno moja, KIMETA, na alama ya kuuliza, nikampakia kijana kwenye bodaboda. Alipigwa penisilini, dawa ya zamani kuliko mimi, bei yake haifikii robo ya beberu aliyekuwa akimuuza. Mwezi uliofuata alikuwa mnadani tena, na kovu.

Mke wangu ni muuguzi mstaafu, naye alipoisikia habari hii hakucheka kama nilivyotarajia. "Baba Neema," akasema, "ninyi mnauliza ng'ombe amekula nini kwa sababu hamna foleni. Mimi nilikuwa na watu sitini nje, mama ana pacha mgongoni, na kipimo kilichopo ni cha malaria. Unauliza kile ambacho una jibu lake kabatini." Maneno hayo ninayaheshimu. Anayemlaumu tabibu wa zahanati ya Kakesio au Nainokanoka kwa kutotambua brusela amkabidhi kwanza kipimo cha brusela. Ila swali haliombi bajeti. Linaomba nusu dakika.

Tena si sisi tu tunaopitwa. Mwaka 2001, barua zenye unga wa kimeta ziliposambazwa Marekani, watu 22 waliugua na watano wakafa. Wa kwanza kufa, mhariri wa picha huko Florida, alitambuliwa kwa sababu daktari Larry Bush aliangalia maji ya uti wa mgongo wake kwa hadubini, akaviona vijiti, akathubutu kutaja jina la ugonjwa ambao hakuna aliyeutegemea. Lakini wiki chache baadaye, nchi nzima ikiwa inazungumzia kimeta usiku na mchana, wafanyakazi wawili wa posta ya Washington walikufa. Mmoja wao alikuwa ameenda hospitali akarudishwa nyumbani kama mwenye ugonjwa wa kawaida. Ni katika siku hizo hizo Nairobi ilipotikisika. Waziri wa Afya wa Kenya, Sam Ongeri, alitangaza barua iliyotoka Atlanta imekutwa na kimeta. Vipimo vya baadaye vikaonyesha haikuwa na kitu. Nakumbuka watu wa Karatu wakiogopa kufungua bahasha, wakati nyama ya kibudu inapita mlangoni kwenye ndoo.

Kuhusu homa, kuna utafiti ambao ningependa ubandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha tabibu mikoa ya kaskazini. Ulifanyika Moshi, KCMC na Mawenzi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, ukachapishwa 2013. Wagonjwa 870 walilazwa kwa homa. Madaktari waliwaandikia malaria 528 kati yao. Malaria ilipotafutwa kwa vipimo vya uhakika, waliokuwa wanaumwa kwa sababu yake ni 14. Kilichowaangusha wengine kilikuwa na mambo mengi ndani yake, na sehemu kubwa ilitoka kwa wanyama: homa ya mgunda, homa ya Q, homa za kupe, brusela. Ng'ambo, homa ya Q na brusela ziko kwenye makabati ya wanausalama. Moshi ziko wodini, zimeandikiwa mseto.

Endulen, ndani ya Ngorongoro, watafiti waliwapima watu 230 waliofika hospitalini na homa mwaka 2016 na 2017, wakakuta zaidi ya 6 katika kila 100 wana brusela, wengi wao ile aina ya mbuzi na kondoo. Anayejua maisha ya bomani hashangai. Mbuzi akitupa mimba, mwanamke au mtoto ndiye anayeokota kile kijusi na kondo kwa mikono mitupu. Maziwa ya mbuzi anayapewa mtoto yakiwa ya moto kutoka kiweleni. Halafu mgonjwa wa brusela hafi upesi. Anatoka jasho usiku, viungo na kiuno vinamuuma, homa inapanda na kushuka miezi, na ndugu wanaanza kusema ni mvivu. Tiba yake ipo nayo ni ndefu: doksisaiklini kwa wiki sita, pamoja na rifampisini au sindano za jamii ya streptomaisini. Anayepewa vidonge vya siku saba kwa kukisia anapata nafuu, anarudi kuumwa, na anaamini sasa amerogwa.

Tauni ni kinyume chake, haisubiri. Mtoki kinenani au kwapani unauma vibaya, homa kali, na usipotibiwa unaweza kushuka mapafuni na kuambukiza kwa kikohozi. Hapo penisilini iliyomponya kijana wangu wa mnadani haifui dafu. Zinatakiwa streptomaisini, jentamaisini au doksisaiklini, na zianze siku hiyo hiyo kabla jibu la maabara halijarudi. Rhodes Makundi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikwenda Mbulu baada ya mlipuko wa 2007 kutafuta ni wanyama gani wadogo wanaoificha. Kwa tabibu, swali ni jepesi kuliko hilo: nyumbani kwenu, wiki mbili hizi, mmeona panya waliokufa wenyewe? Nyumba nyingi za Karatu mahindi yanalala chumba kimoja na watu. Jibu analo mtoto wa miaka sita.

Na homa ya Bonde la Ufa je? Mwanzoni mwa 2007, baada ya mvua kubwa, wilaya ya Ngorongoro ndiyo iliyotoa taarifa za wagonjwa wa kwanza nchini. Kabla ya hapo mifugo ilikuwa imeshaanza kutupa mimba kwa makundi. Ugonjwa ulishuka hadi Dodoma na kwingineko, watu zaidi ya 100 wakafa, na wakazi wa mijini wakaikimbia nyama ya ng'ombe kwa wiki nyingi. Dawa yake mahususi haipo. Kuna kumwongezea mgonjwa maji na damu na kumwangalia kwa karibu. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, taarifa ya mbuzi waliotupa mimba ndiyo kinga pekee iliyofika mapema, na ilikuwa mikononi mwa wachungaji.

Serikali hailali kabisa, tuwe wakweli. Februari 2018 ulizinduliwa mpango wa Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ili watu wa afya, mifugo na wanyamapori wakae meza moja. Julai 2022, watu walipoanza kutoka damu puani na kuanguka kule Ruangwa, Lindi, minong'ono ya Ebola ilienea kwa siku chache tu kabla Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, hajatangaza kwamba ni homa ya mgunda, yenye dawa za kawaida. Watatu walikuwa wameshafariki. Kazi ilifanyika kwa kasi. Shida yangu ni kwamba meza hiyo moja iko Dodoma. Wilayani, bwana mifugo na mganga mfawidhi wanaonana kwenye misiba.

Sasa nije kwenye kibudu, kwa sababu nawajua wasomaji wangu, kuna anayesema: si waache kula mizoga. Rahisi kusema ukiwa na friji. Familia iliyopoteza ng'ombe watano kwa kiangazi haiwezi kuambiwa na mtu aliyeshuka kwenye gari kwamba nyama ya wa sita ifukiwe mita mbili chini na chokaa juu yake. Nani achimbe? Chokaa ya nani? Kuni za kuchoma ng'ombe mzima hazipatikani hivi hivi, na ndani ya hifadhi kukata mti mbichi ni kosa. Mzee mmoja wa Olbalbal aliniuliza, kwa upole kabisa: "Daktari, ukija kufukia, utaniachia nini nile?" Wakija maofisa kwa vitisho, mzoga unafichwa, unachunwa usiku, na mikono inayougua haiendi zahanati, kwa kuogopa kuulizwa. Sheria ikimtisha anayetoa taarifa, kimeta kinabaki na waganga wa kienyeji.

Njia ya kutoka hapo ni chanjo. Chanjo ya kimeta ni ya zamani, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na ng'ombe aliyechanjwa kila mwaka hamwachii mtu mzoga wa kugombania. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, yenye ruzuku. Niliifurahia kama mtu aliyeomba kitu hicho kazini miaka yote. Inahusu homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku. Hayo ni magonjwa yanayotuzuia kuuza nyama nje, naelewa hesabu yake. Kimeta, kinachoua ng'ombe na kumfuata mwenye ng'ombe, hakimo. Kwa Karatu, Ngorongoro, Monduli na Longido naomba kiongezwe, kwa ruzuku ile ile, sindano ile ile, siku ile ile ambayo ng'ombe wameshakusanywa mazizini.

Na jambo la pili ninaloomba ni la wino. Machinjioni, nyama isiyo na muhuri haitoki. Kila mgonjwa huku kwetu anakuja na daftari lake la shilingi mia chache. Halmashauri za Karatu na Ngorongoro zitengeneze muhuri wa mpira wa kugongea kila daftari la mwenye homa, wenye mistari mitatu ya kujaza: amechuna au kula kibudu? ameshika mimba iliyotoka au kunywa maziwa mabichi? ameona panya au mifugo ikifa? Tabibu akiandika "ndiyo" mahali popote, anapiga simu kwa bwana mifugo wa kata kabla ya kuita mgonjwa anayefuata. Kimeta na tauni vinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 kwa utaratibu uliopo. Huo muhuri utakumbusha tu.

Wauguzi na matabibu mkiona kigaga cheusi kisichouma, msikitumbue, na msikate tamaa kigaga kikiendelea kukua siku mbili tatu baada ya dawa kuanza; ndivyo kinavyofuata mkondo wake hata vimelea vikiwa vimeshakufa. Waambieni ndugu hivyo, la sivyo watamtorosha mgonjwa. Wafugaji, mnyama akifa ghafla na damu haigandi, mwekeeni miiba asifikiwe na fisi wala mbwa, msimpasue, mwiteni bwana mifugo. Na mwenye homa akifika zahanati asisubiri kuulizwa: aseme mwenyewe alichochuna. Simu ya Wizara ya Afya ni 199, haikatwi salio.